Hita ya maji kwenye Hiace yetu: nimeng'oa ya gesi, nimefunga ya injini

Mama yangu ana miaka 74, magoti yake yameshikwa na baridi yabisi, na kila Juni lazima aende kwao Makete. Kutoka Arusha, kwa mwendo wetu, ni siku tatu: Dodoma, Iringa, Njombe, ndipo tufike. Tunalala ndani ya gari. Makete mwezi huo umande unaganda kwenye majani alfajiri, na mimi siwezi kumpa mama yangu ndoo ya maji yaliyolala nje nikamwambia aoge. Kwa hiyo tulipong'oa viti vya nyuma vya Hiace na kuweka kitanda, jambo lililofuata lilikuwa hita ya maji.

Nilianza na ya gesi, ile ya papo kwa papo inayofungwa kwenye mabafu ya nyumbani, lita 6 kwa dakika, inayojiwasha kwa betri mbili kubwa za tochi. Niliipata kwa shilingi laki mbili na arobaini, na mtungi wa kilo 6 tulikuwa nao tayari wa kupikia. Dukani iliwaka vizuri sana. Kwenye gari ikawa mateso. Pampu yetu ya volti 12 haisukumi maji kwa nguvu moja. Inasukuma, inalegea, inasukuma. Hita hizi hufunga gesi msukumo wa maji ukishuka, na zinafanya sawa kabisa, ni usalama. Lakini nilikuwa namsikia Mama nyuma ya turubai: "Imezima tena, mwanangu." Inalia tik-tik-tik, moto unashika, yule mzee ameshapata maji ya baridi mgongoni, halafu yanamjia yanayounguza. Pale Mtera upepo wa bwawani uliizima mara nne. Lita 40 ziliisha, na aliyeoga akamaliza ni mmoja.

Njombe, usiku wa baridi kali, na mtungi wenyewe ukanyong'onyea. Butani inakaribia kukataa kugeuka mvuke joto likifika nyuzi sifuri, na gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa butani na propani.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonifanya niing'oe ni asubuhi yake, manyunyu yalipoanza na mume wangu akasema tuiingize ndani, tufungue dirisha. Nilikataa na bado nakataa. Hita ya lita 6 ikiwaka inatoa kama kilowati 10, sawa na jiko la gesi la pleti nne lililowashwa lote kwa mpigo, na haina bomba la kutoa moshi nje. Hewa ya ndani ya Hiace ni ndogo kuliko ya stoo. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, haimkohozeshi mtu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, halafu usingizi. Sisi wenye asili ya nyanda za juu tunawajua watu waliolala na jiko la mkaa wasiamke. Kama unayo hita ya aina hii, ning'iniza nje, kwenye mlango wa nyuma, na iache huko huko hata mvua ikinyesha.

Nikafikiria umeme wa betri. Nilikaa na kalamu. Lita 15 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 60 zinakula kama uniti 0.73. Kwa volti 12 hizo ni ampea-saa (kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) 61 hivi. Betri yetu ya pili ni ya ampea-saa 100, ya asidi, na haifai kushushwa chini ya nusu. Yaani mtu mmoja aoge, taa zizime na friji inyamaze. Nikaachana nayo. Rafiki aliyeko Ujerumani alinisifia Truma Combi, mashine moja inayopasha hewa ya ndani na lita 10 za maji. Kwa baridi ya kwao naielewa, ila sisi blanketi tunazo, tulichokosa ni maji.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa boti wa Dar es Salaam. Aliniuliza, "Dada, kwa siku mnaendesha saa ngapi?" Nikamwambia saba, nane. Akasema, "Basi moto mnao, mnaumwaga barabarani." Kwenye boti, maji moto ya injini hupitishwa kwenye koili, bomba lililojizungusha, iliyo ndani ya tangi la maji safi, maji mawili hayagusani, joto tu ndilo linalohama. Akanionyesha Isotemp Slim ya lita 15, tangi la chuma cha pua lililolala kama mtungi mwembamba, lenye pia kipasha joto cha wati 750 cha umeme wa nyumbani. Tuliiagiza. Pamoja na usafiri, ushuru na ufundi ilifika milioni mbili na laki tatu, karibu mara kumi ya ile ya gesi. Sitasema ni rahisi.

Kwenye Hiace kuna bahati moja. Nyingi zinazotoka Japani zina hita ya abiria wa nyuma, na mipira yake ya maji ya injini inapita chini ya sakafu. Yetu ilikuwa nayo, hatukuwahi kuitumia hata siku moja. Tangi limeunganishwa hapo hapo, chini ya kitanda.

Sasa sikiliza hili, maana liligharimu safari. Fundi wa kwanza aliunga mipira, akajaza maji ya bomba kwenye rejeta, akafunga kifuniko, akapokea hela yake. Kwenye kona za Nyang'oro, kabla ya Iringa, temperecha ikapanda na gari likachemsha. Hewa ilikuwa imenasa kwenye mipira ile mirefu. Fundi wa Iringa alipandisha pua ya gari kwenye tuta, akafungua rejeta ikiwa imepoa, akawasha injini ikiwa silensa, yaani inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, akawa anamimina kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, kidogo kidogo huku kijana wake akiminya mipira kule chini. Mapovu yalitoka makubwa, kisha madogo, kisha kama ya soda, kisha yakakoma. Dakika 40. Usimlipe fundi kabla hujaona mapovu yamekoma kwa macho yako.

Tangu hapo sina la kulalamikia kubwa. Dakika 40 za barabara zinatosha. Maji ya tangini hufika nyuzi 75 na kupita, yanababua, ndiyo maana ile valvu ya kuchanganyia inayokuja na tangi si pambo. Ukiyachanganya na ya baridi hadi nyuzi 40, lita 15 zinakuwa kama 38 za kuogea. Tunaoga watatu. Tukizima injini saa kumi na mbili jioni, saa moja asubuhi bado yapo ya vuguvugu ya kunawa uso. Tukifika nyumbani Makete na gari likakaa siku mbili, nachomeka waya ukutani na baada ya saa moja na robo hivi yako tayari.

Mawili ya kujua. Maji yakipata moto yanatanuka, kwa hiyo valvu ya usalama hudondosha matone. Siku ya kwanza nilidhani tangi limetoboka. Tega mpira mwembamba utoe matone nje. La pili, Dodoma kitanda kilicho juu ya tangi kinakuwa kikaango. Tuliweka koki kwenye mpira wa kulanti, tukiwa sehemu za joto tunaifunga.

Kama wewe unapaki ufukweni wiki nzima bila kuwasha gari, hita hii haikufai, bora ya gesi ya nje. Kwa wanaosafiri kila siku kama sisi, sioni ya kuishinda. Juni iliyopita Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni pa gari, miguu ndani ya beseni, mvuke unapanda, akaniambia niongeze mengine. Nikaongeza, na yakabaki.

Kilichobaki ni kuvalisha sponji mipira ya chini, kwa sababu inapigwa na upepo njia nzima. Nataka iwe tayari kabla ya Juni.