Viti vya Mbele Kabisa: Safari Yangu ndani ya Romancecar GSE

Sisi tuliokulia Tanga, ambako ujenzi wa reli ulianza mwaka 1893, tumezoea kuitazama nchi ikipita ubavuni mwa behewa. Romancecar GSE ya kampuni ya Odakyu, iliyoanza kazi mwaka 2018 kati ya Shinjuku na Hakone-Yumoto nchini Japani, ilinionyesha njia yenyewe. Treni hii ya mabehewa 7 ina viti 16 vya kutazamia mandhari katika kila ncha. Dereva hupanda ngazi na kukaa juu ya dari, ngazi ikafichwa, na kioo chote cha mbele huachiwa abiria. Nikiwa safu ya kwanza niliyaona mataruma yakikimbilia miguuni mwangu, na kila daraja likafunguka kana kwamba nimeushika usukani. Viti hivyo huisha mapema, kwa hiyo kata tiketi mapema.

Niliporudi, mjomba wangu, mfanyakazi wa zamani wa reli hapa Tanga, aliniuliza treni hiyo hugeuzwa wapi.

“Haigeuzwi, mjomba. Dereva huhamia ncha ya pili.”

Alinitaka nimwonyeshe picha ya ile ngazi tena.