Majarida ya zamani ya sanaa ya Japani yapo Mbuyuni Moshi, nendeni ila bebeni lenzi

Wadau wa majarida ya zamani mlioko huku Kaskazini, hasa nyie mnaosema kila siku kwamba vitu vya sanaa ya Japani mpaka uagize nje, kuna kibanda cha vitabu vya mitumba Moshi upande wa Mbuyuni nataka nikisemee vizuri maana kinastahili. Hakina bango. Ukishuka stendi nenda mpaka sokoni uulizie mama mwalimu wa vitabu, utaoneshwa. Ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo ukifika mpe shikamoo yake kwanza, usianze na "hii shingapi", ukianza hivo atakuuzia vizuri tu lakini hatakufungulia maboksi ya chini, na mali yenyewe iko kwenye maboksi ya chini.

Majarida ya Kijapani yamefikaje Moshi? Mbona rahisi, Wajapani wamefanya kazi sana pale kwa ajili ya mpunga, ule mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi na chuo cha mafunzo ya kilimo cha KATC kule Chekereni, wataalamu walikuwa wanakuja na familia wanakaa miaka wanaondoka, na mtu anayehama vitabu ni mzigo. Mwalimu anasema vyake vingi vimetoka kwenye nyumba za namna hiyo, vikapita mikono ya watu kadhaa hadi vikamfikia yeye.

Sehemu kubwa ni Nihon no Bijutsu, jarida lililokuwa linatoka kila mwezi, lilianza 1966 chini ya wachapishaji wa Shibundo, na kwa anayeanza kukusanya mimi namwambia aanzie hapo. Kila toleo ni mada moja mwanzo mpaka mwisho. Mwezi huu mapanga, mwezi ujao vinyago vya mchezo wa kuigiza wa Noh, mwezi mwingine sanamu za Buddha za kipindi kimoja tu basi. Picha za rangi ni chache, nyingi ni nyeusi na nyeupe, lakini kali jamani, unaona mpaka mkwaruzo wa patasi kwenye mbao. Moja anauza 8,000, ukibeba kadhaa anashuka mpaka 6,000 bila kubishana sana.

Sasa mimi kazi yangu ni kuchapa fulana na vitambaa hapa Arusha, skrini, yaani ile fremu ya wavu ya kupitishia wino, ndo maisha yangu, kwa hiyo siku mwalimu aliponitolea toleo ambalo lote ni vitambaa vilivyotiwa rangi kwa stensili nilikaa chini palepale kwenye kigoda. Zile stensili zinaitwa katagami. Wanachukua karatasi ngumu ya mforosadi, wanabandika kadhaa pamoja kwa maji ya tunda bichi la kaki (persimoni), inakuwa ngumu haipitishi maji, halafu fundi anatoboa nakshi kwa visu vidogo mno, tundu moja moja, mpaka karatasi nzima inaonekana kama wavu. Na pale ambapo nakshi ni nyembamba kiasi kwamba vipande vingeanguka wanapitisha nyuzi za hariri katikati ya karatasi zivishikilie. Yaani nilivyoona ile picha ya karibu, karatasi na hariri nyuma yake, niliona kabisa ile skrini ninayoishika kila asubuhi! Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha hilo, si karakana niliyojifunzia kazi wala video za mtandaoni. Nimelisoma kwenye jarida la mitumba Mbuyuni. Ndo maana nasema hivi vitu sio mapambo ya shelfu, kwa mtu mwenye ufundi wake humu mna kazi.

Kuhusu lugha, Kijapani sisomi. Programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu inatosha kwa maelezo chini ya picha, kwenye makala ndefu zilizoandikwa toka juu kwenda chini inachanganya mistari, nenda taratibu. Kitu cha kujua kabla hujalipa ni tarehe. Fungua ukurasa wa mwisho, kuna kisanduku chenye bei ya yen na mwaka, ukiona 昭和 hiyo ni Showa, jina la enzi ya mfalme wa Japani, chukua namba inayofuata jumlisha 1925, kwa hiyo Showa 45 ni 1970. Ukiona 大正 hiyo ni Taisho, enzi ya kabla yake, jumlisha 1911, na hapo kaa sawa maana umeshika kitu cha zamani kweli.

Na anacho kimoja cha hivo. Ni toleo moja la Kokka, jarida lingine la sanaa la Japani, Taisho 5, yaani 1916, halina kava la nyuma ila ndani limetimia. Kokka ilianzishwa 1889 na Okakura Kakuzo na Takahashi Kenzo na mpaka leo bado inatoka, na kwa muda ilikuwa na toleo la Kiingereza pia, 1905 mpaka 1918. Ukubwa wake ukilifungua linajaza meza. Picha zake za rangi enzi hizo zilichapwa kwa vibao vya mbao, rangi moja kibao chake, karatasi moja inapita chini ya mkono wa fundi mara nyingi sana mpaka picha itimie, na zile nyeusi na nyeupe ni kolotaipu, kioo kimepakwa jelatini na wino unashika moja kwa moja kwenye jelatini. Ukiweka lenzi juu ya picha ya jarida la kawaida la ofseti unaona vidoti vidoti, ukiweka juu ya kolotaipu hakuna kidoti hata kimoja, kivuli kinafifia chenyewe kama kwenye picha ya kamera. Kwa hiyo bebeni lenzi, hata ile ya fundi saa inafaa. Simu ikikuza picha mnaona rangi tu, hamuoni imechapwaje, na kwangu hilo ndo nusu ya thamani.

Kwenye Kokka kila picha imefunikwa na karatasi laini nyepesi. Msiitoe wala msiitupe, inazuia wino usihamie ukurasa wa pili.

Mabaya yapo. Kwanza mwalimu anapiga muhuri wa zambarau wa duka kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitu kinachoingia, na kwa sisi wakusanyaji hilo linapunguza thamani hapohapo. Nilimwambia, "Mwalimu, samahani, hii mihuri inaharibu." Akanijibu, "Mwanangu, bila muhuri vinaibwa vinarudi kuuzwa kwangu mwenyewe." Nimemuelewa ila nimemuomba apige kwenye kipande cha karatasi achomeke ndani, na mzigo mpya nilioona juzi ameanza kufanya hivo, namshukuru. Pili bei hazijaandikwa popote. Tatu masika kibanda kinavuja pembeni, maboksi ya ukutani yana ukungu, nusa kabla hujanunua, harufu ikiwa ya chumba kilichofungwa muda mrefu liache maana litaambukiza mengine nyumbani.

Ila sifa yake kubwa kwangu ni kwamba hauzi kurasa zilizokatwa. Kuna watu hapa Arusha wananunua majarida ya hivi wanachana picha wanaweka kwenye fremu wanauzia watalii, na hilo linaniuma kwelikweli, picha ikishatoka kwenye jarida lake imepoteza maelezo, jina la fundi, hekalu ilipo, mwaka, makala ya mtu aliyeichunguza maisha yake yote. Watu wameshamfuata mwalimu wanataka zile picha za mlima Fuji za mchoraji Hokusai tu, wanajua zitatoka haraka huku kwenye mlima wetu, amewakatalia. Anamwambia mtu nunua lote au acha lote. Duka lenye msimamo huo nitalipa hela yangu hata bei ikichangamka.

Jumapili hafungui, Jumamosi anafunga mapema. Kwa wa Arusha ukishamlipa kwa simu anakutumia kwa Coaster, ila mwambie aweke kadibodi pande zote mbili, bahasha ya kaki peke yake inakunja kona. Ile Kokka anataka 150,000 na hashuki, na mimi naona ni bei ya haki, mwenye hela hiyo aende.