Kijitabu cha unabii wa Masihi, buku tano Mtwara mjini
Nimekichukua duka la vitabu vya dini huku mjini, kwa bei hiyo sina neno. Sura ya Isaya 53 ndo imeshiba, mwandishi hajaficha kwamba Wayahudi wengi, Rashi, yule mfafanuzi wa Maandiko wa Kiyahudi wa zama za kati, akiwemo, wanasema yule mtumishi anayeteseka ni taifa la Israeli, halafu ndo anashusha hoja ya Kikristo, kwamba mtumishi ni Yesu, kupitia Matendo 8, Filipo na yule towashi Mwethiopia garini, na anagusia gombo la Isaya la Qumran, kule kando ya Bahari ya Chumvi, lililopatikana 1947, limeandikwa kabla Yesu hajazaliwa. Mika 5:2, ule unabii wa Masihi kutokea Bethlehemu, kapita juujuu tu, kaniudhi. Ila gundi mbovu, kurasa zinachomoka, na maandishi kama sisimizi, wazee wa jumuiya wabebe miwani.