Kutoka gesi hadi kuni kwenye meko ya sebuleni: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano, lakini bahati ilinibeba. Meko yangu yalijengwa kwa matofali na dohani yake ni ya kuni tangu mwanzo. Aliyeishi humu kabla yangu ndiye aliyetandika yale magogo ya bandia ya gesi. Mkaguzi hata hakujishughulisha na sehemu ya moto. Alipanda juu ya paa, akashusha kamera ndani ya dohani, ndipo akakubali kazi.

Kama yangekuwa meko ya gesi ya kiwandani, lile sanduku la bati lenye kijibomba chembamba, angeondoka zake. Mabomba mengi ya namna hiyo yana ganda la ndani la alumini, na alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660 hivi. Masizi yenye utomvu yakishika moto ndani ya dohani, joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Hapo unang'oa kila kitu na kuanza upya, na kwangu mimi isingekuwa na maana.

Fundi wa gesi mwenye leseni alikata laini, akaifunga kwa kizibo cha kukaza na kupima kwa povu la sabuni. Kufunga vali tu hakutoshi. Kisha dohani ikafagiliwa na kuingizwa bomba la chuma cha pua kutoka juu hadi chini.

Sikutaka moto wa wazi. Unapendeza macho, ila joto lake jingi hutokomea angani. Nikachukua jiko la chuma lenye mlango wa kioo, la kupachika ndani ya meko. Sebule inapata joto kwelikweli, na kuni haziliwi ovyo.

Usumbufu ni kuni zenyewe. Unyevu wake uwe chini ya asilimia 20, upimwe kwenye upande uliopasuliwa sasa hivi, maana gome hudanganya. Kuni mbichi hutia kioo weusi jioni ileile. Kuna majivu ya kuzoa, dohani ya kufagia kila mwaka, na king'ora cha kaboni monoksidi sijakitoa, kwa sababu kuni nazo hutoa sumu hiyo.

Nyota niliyoizuia ni ya feni ya jiko: inanguruma, tena inataka umeme. Umeme ukikatika jiko linaendelea kuwaka, ila joto linabaki sebuleni, vyumba vya nyuma havipati kitu.