Hija ya Namugongo: anzia Munyonyo, usikimbilie basilika

Vikundi vingi vya waamini kutoka Kenya na Tanzania vikiingia Uganda hufululiza hadi Namugongo, karibu na Kampala, mahali pa kumbukumbu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao mwaka 1886. Wanapiga picha mbele ya basilika, wanachota maji ya bwawa lililo hapo, wanasali rozari moja na kurudi kwenye basi. Mahali penyewe panastahili safari, tena kuliko sehemu nyingi za hija katika ukanda wetu, hasa kwa Mkristo aliyetikiswa na msiba, ugonjwa au kupoteza kazi. Ila kwa mwendo huo wa haraka anaona ushindi wa mashahidi tu, na namna walivyofika pale hajaiona.

Anzia Munyonyo, upande wa Ziwa Viktoria, kusini-mashariki mwa Kampala. Hapo ndipo Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipowahukumu vijana wa ikulu yake, na usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao, aliwabatiza wakatekumeni kadhaa, yaani waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo, akiwemo Kizito aliyekuwa bado mvulana wa miaka kama 14. Andrea Kaggwa na Denis Ssebuggwawo waliuawa hukohuko. Munyonyo pametulia kuliko Namugongo. Tenga saa mbili nzima.

Kiongozi wa kikundi akiwa Munyonyo aeleze jambo moja ambalo mara nyingi hurukwa. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofika Buganda mwaka 1879, waliondoka mwishoni mwa 1882 wakavuka ziwa hadi Bukumbi, upande wa Mwanza, wakarudi mwaka 1885. Kwa muda wote huo Wakristo wale wapya hawakuwa na padre, misa wala kitubio. Waliendelea kukutana, kufundishana na kuwaandaa wengine kwa ubatizo, na mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo aliuawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ikulu, aliyemkemea Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Mwanglikana James Hannington na kuwakinga vijana hao dhidi ya matakwa ya kimwili ya mfalme. Karoli Lwanga alibatizwa siku hiyohiyo, akashika nafasi yake. Kwa hiyo waliosimama mbele ya Mwanga miezi sita baadaye walikuwa wameshazoea kusali bila msaada. Msafiri asiyelisikia hili atadhani ujasiri uliwashukia ghafla.

Kutoka Munyonyo walitembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo. Gonzaga Gonza aliuawa njiani. Waliosalia walikaa wakingoja hadi tarehe 3 Juni, huku kuni na matete vikikusanywa. Siku hizo za kungoja ndizo kiini cha hija hii. Mbaga Tuzinde alikuwa jamaa ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Nyumbani walimsihi akane tu, wangemficha. Alikataa. Ndugu anayekupenda akikubembeleza uache imani, huo ni mtihani wa aina nyingine kabisa kuliko adui anayekutishia, na wapo wasomaji wanaoujua kwa majina ya wajomba zao.

Basilika ya Namugongo ilichorwa na Justus Dahinden wa Uswisi kwa umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, ikawekwa wakfu mwaka 1975. Nguzo zake ni 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Usikae nyuma. Sogea hadi mbele ya madhabahu, mahali panapokumbukwa kuwa ndipo Lwanga alipochomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Ni jengo zuri na lenye heshima. Kasoro yake kwa mwenye huzuni ni kwamba linasema zaidi juu ya utukufu.

Pengo hilo linazibwa na kituo cha Waanglikana, dakika chache kwa bodaboda, na hapa ndipo Wakatoliki wengi wanapokosea kwa kutofika. Jumba lake la makumbusho lina sanamu za ukubwa wa binadamu: watu wanafungwa, wanaviringishwa katika matete, wanapangwa juu ya kuni. Inaumiza kutazama. Watoto wadogo wasiingizwe bila kuelezwa kwanza. Waanglikana wanawakumbuka mashahidi wao 23, waliokufa katika mateso yaleyale, na Papa Fransisko alipokuja Novemba 2015 alifika vituo vyote viwili.

Sasa mambo ya safari. Andaa hati ya kusafiria na cheti cha homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka mpaka. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi, umati ni mkubwa mno: barabara hufungwa, mizigo hupekuliwa, mtandao wa simu huelemewa, na misa huadhimishwa nje, kando ya bwawa. Anayefika baada ya mapambazuko huishia kusikia vipaza sauti tu. Mtu wa kawaida hapati nafasi ya kukaa kimya basilikani siku hiyo. Ukitaka shangwe ya Kanisa zima, nenda, na mkubaliane mapema mahali pa kukutania mkipotezana. Ukitaka kusali juu ya jeraha lako, chagua siku ya katikati ya wiki, mbali na mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni.

Maji ya bwawa wengi huyabeba kwa madumu. Ni ya ibada. Usiyanywe bila kuchemsha, na usimwache mgonjwa aache dawa kwa ajili yake.

Kwa viongozi wa vikundi: chukueni Warumi 5:3-4, "dhiki, kazi yake ni kuleta saburi," msome Munyonyo, si mwisho wa safari. Kisha acheni saa moja isiyo na ratiba. Mwenye msiba asiitwe mbele kutoa ushuhuda, wala asiambiwe kwamba Mungu alimtaka marehemu wake. Mwekeeni mtu mmoja wa kukaa naye, na padre ajulishwe mapema iwapo atahitaji kitubio.