Mashine ya mkate kwa jiko la Tanga: iachie kukanda, kuoka oka mwenyewe

Swali la dukani huwa moja: mkate wa mashine ni mzuri kuliko wa mkono? Halijibiki kwa mkato, kwa sababu mashine hii ina kazi mbili, kukanda na kuoka, na haizifanyi kwa ubora sawa. Kukanda, inawapita watu wengi. Kuoka, ni ya wastani tu, na kwa joto la Tanga wakati wa kaskazi inaweza kuliharibu donge zuri ililolikanda yenyewe.

Tunayoipima hapa ni mashine ya kawaida ya nyumbani: sufuria moja ya ndani isiyogandisha, kipala kidogo cha kukandia kikiwa chini, koili moja ya moto inayoizunguka sufuria kwa chini, wati 550 hadi 700, na chaguo la mkate wa gramu 500, 750 au kilo 1. Majina ya kampuni yanatofautiana, lakini zikifunguliwa ndani ni karibu kitu kimoja.

Vipimo tunavyotumia kulinganisha ni hivi: unga wa ngano gramu 500 (nusu ya pakiti ya kilo), maji mililita 300, hamira ya chenga gramu 5, chumvi gramu 9, sukari gramu 25, siagi au mafuta gramu 25. Asiye na mizani achukue hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari vijiko viwili vya chakula. Hata hivyo mizani ndogo ya jikoni ni muhimu kuliko mashine yenyewe. Kikombe cha unga kikijazwa kwa kuchota na kile cha kumimina vinaweza kupishana gramu 20 au 30, na kwa vikombe vinne kosa hilo linatosha kugeuza donge laini kuwa jiwe.

Ukitaka mkate wa maziwa, weka mililita 320 hadi 330 badala ya 300, maana maziwa si maji matupu. Ya pakiti, kama Tanga Fresh, yatumie yakiwa baridi kutoka kwenye friji. Maziwa mabichi ya kupima lazima yachemshwe, yaachwe yapoe. Ukiacha usalama wa mlaji, kuna protini ndani yake inayolegeza donge, na kuchemsha kunaivunja. Tui jepesi la nazi nalo linafaa sana, ila punguza mafuta kwa nusu.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokata tamaa. Mashine hizi zilianza kuuzwa Japani miaka ya 1980, na mpaka leo programu zake nyingi zimepangwa kwa jiko lenye baridi. Baadhi hutumia nusu saa ya kwanza kupasha viungo kabla kipala hakijazunguka. Kisha hukanda kama dakika 25, huumua saa moja na nusu hivi huku zikilipiga donge kidogo katikati, na mwisho huoka karibu saa moja. Jumla ni saa tatu au zaidi kidogo. Katika muda wote huo mashine inahesabu dakika tu, donge hailitazami. Isitoshe, ina koili ya kupasha lakini haina chochote cha kupoza.

Jiko lenye nyuzi 31 halihitaji kupashwa. Donge linaanza kuumuka likiwa bado linakandwa, linafika kimo chake mapema, kisha linabaki likisubiri saa ya kuoka ifike. Utando wa gluteni, ile protini ya ngano inayovutika na kushika hewa, unanyooka mpaka unakuwa mwembamba kupita kiasi. Moto ukiwaka, hewa ya ndani inatanuka, utando unapasuka, na mkate unatoka na bonde katikati ya kichwa. Watu husema hamira ilikuwa mbovu. Hapana, hamira ilifanya kazi kupita kiasi.

Dawa yake ina hesabu. Donge zuri hutoka kwenye kukandwa likiwa na nyuzi 26 hivi. Zidisha 26 kwa tatu upate 78. Toa joto la chumba, 31; toa joto la unga, 30; toa joto linaloletwa na msuguano wa kipala, tuseme 8. Inabaki 9. Maji yako yawe nyuzi 9, yaani maji ya friji, si ya bomba. Anayekanda kwa mkono ana msuguano mdogo, nyuzi 2 au 3, hivyo maji ya nyuzi 14 yanamtosha: ya friji yaliyochanganywa na ya mtungini. Ule ushauri wa kukoroga hamira kwenye maji ya uvuguvugu unafaa nchi za baridi na hamira ya zamani ya punje kubwa. Hamira ya chenga haihitaji kukorogwa kwanza, inachanganywa moja kwa moja na unga.

Pamoja na maji baridi, punguza hamira kwa robo kipindi cha Desemba hadi Machi, na uache kifuniko cha mashine wazi wakati wa kukanda. Kusi likianza kuvuma, rudi kwenye gramu 5. Wakati wa masika unga hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo anza na maji pungufu ya mililita 15 kisha tazama.

Kutazama kwenyewe kunafanywa dakika ya kumi tangu kipala kianze. Donge linalofaa ni la duara, laini, linashika kidogo chini na kuachia pembeni. Likiwa limepakaa kuta za sufuria, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, subiri dakika mbili, tazama tena. Likiwa vipande vipande au mashine inagonga, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Kazi hiyo ya dakika tano ndiyo inayoamua mkate.

Kwa mkono, vipimo ni vilevile. Changanya unga na maji tu, funika, acha dakika 20 kabla ya kuweka chumvi, hamira na mafuta. Unga unakunywa maji wenyewe na gluteni inaanza kujifunga bila jasho, kazi ya kukanda inapungua. Kisha kanda dakika 10 hadi 12: sukuma kwa kiganja, kunja, zungusha robo, rudia. Usinyunyize unga mezani kila mara linapogandisha, maana hapo ndipo mikate mingi ya mkono inapokuwa mikavu. Paka mikono mafuta kidogo. Pima kwa kunyosha kipande kwa vidole: kikiwa utando unaopitisha mwanga bila kuchanika, kimekandika. Kikichanika mapema, funika donge dakika tano kisha endelea.

Linaumuka mara mbili ya ukubwa wake kwa dakika 45 hivi wakati wa joto. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi taratibu na kubaki nusu, liko tayari, likirudi upesi, bado, lisiporudi kabisa, umechelewa. Toa hewa, viringisha kama jamvi na ubane mshono vizuri, weka kwenye bati lililopakwa mafuta, acha dakika 30. Oka nyuzi 190 hadi 200 kwa dakika 30 mpaka 35. Mwenye kipimajoto achome katikati: nyuzi 93 hadi 96, umeiva. Asiyenacho agonge chini ya mkate, usikike kama ngoma.

Mashine haitoi mkate wa namna hiyo. Koili yake iko chini na kifuniko hakina moto, kwa hiyo ganda la pembeni na chini linakuwa nene, juu panabaki peupe. Kipala kinabaki ndani ya mkate na kikitolewa kinaacha tundu linaloharibu vipande viwili au vitatu vya katikati. Tena umbo ni hilohilo la ndoo. Kwa chai ya asubuhi ya watu watatu hakuna anayelalamika. Kwa boflo lenye ganda jembamba linalovunjika, haifai.

Ndiyo sababu ushauri wetu mkuu kwa aliyekwisha nunua ni kitufe cha programu ya donge. Hukanda na kuumua kwa saa moja na nusu bila kuoka. Usisubiri ilie: wakati wa joto fungua baada ya dakika 40 za kuumuka, na donge likishakuwa maradufu litoe, uliumbe na uoke kwenye oveni au jiko la mkaa. Mikono imepumzika, mkate umekuwa wako. Donge hilo linakubali mikate ya duara, ya ufuta, ya kujaza nyama, hata maandazi.

Kwenye mkaa, chukua sufuria nzito, weka mchanga mkavu wa sentimita 2, ipashe dakika 15, kisha weka bati la mkate juu ya vijiwe vitatu. Funika kwa bati bapa na upalie makaa: theluthi mbili juu, theluthi moja chini. Wengi hufanya kinyume, na mkate unaungua chini huku juu mbichi. Usifunue kabla ya dakika 20.

Kwa umeme, mkate mmoja kwenye mashine hula kati ya uniti 0.3 na 0.5. Kwa bei ya nyumba za kawaida ya T1, inayokaribia shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni shilingi 105 hadi 175. Oveni ya wati 2,000 ikiwashwa saa nzima pamoja na kupashwa hula uniti 1 hadi 1.5. Mashine inaonekana kushinda, lakini oveni inabeba mabati matatu kwa moto uleule. Mkate mmoja kwa siku, mashine ni nafuu. Mikate mitatu mara mbili kwa wiki, oveni inaifikia. Mwenye daraja la D1, lile la watumiaji wadogo, akumbuke kikomo cha uniti 75 kwa mwezi: mkate wa kila siku utachukua kama uniti 12 kati ya hizo.

Umeme ukikatika, mashine nyingi hukumbuka zilipofika kwa dakika chache tu, mara nyingi 10 hivi. Ukirudi baada ya hapo zinaanza upya. Ikiwa ilikuwa inakanda, anza upya bila hofu. Ikiwa ilikuwa inaumua, usiiwashe tena: toa donge uoke mkaani. Ikiwa ilikuwa inaoka, hamishia sufuria yenye mchanga hata kama ganda limeshafunga. Mkate ulioachwa nusu mbichi ndani ya mashine ya moto unageuka gundi.

Kitufe cha kuchelewesha, kile cha kuweka viungo usiku ili uamke na mkate, kitumie kwa maji tu. Maziwa, mayai au tui vikikaa saa nane kwenye joto letu vinachacha au kuharibika. Panga hivi: maji chini na chumvi, unga juu yake ukifunika maji yote, hamira kwenye kishimo juu kabisa isiguse unyevu. Na mkate ukiiva utoe ndani ya dakika kumi, uuweke juu ya ungo upoe saa moja. Ile saa ambayo mashine huuweka mkate ukiwa wa moto baada ya kuiva inafungia mvuke na kulainisha ganda mpaka linajikunja.

Kuna mikate ambayo mashine haina la kuisaidia. Mkate wa kumimina ni uji wa mchele, hauna gluteni ya kukandwa. Mofa ya mtama inataka tanuri la udongo. Anayependa hiyo zaidi kuliko mkate wa ngano asinunue.

Ukikanda madonge mawili mfululizo, ipumzishe nusu saa katikati. Ikiwa bado ina moto, nyingi hukataa kuwaka na kioo kuonyesha HHH au namba ya kosa. Si ubovu, fungua kifuniko ipoe. Kipala kikiganda kwenye mhimili, jaza maji ya moto uache nusu saa, usichokoe kwa kisu, maana rangi ile isiyogandisha ikichubuka haina dawa.

Kwa mashine ya mtumba, iwe ya Ngamiani au ya kuagiza Dar es Salaam, geuza kwanza usome kibandiko. Ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120. Umeme wetu ni 230, na ukiichomeka moja kwa moja imekwisha. Transfoma ya kuifaa inapaswa kuhimili wati 1,000, nzito na ya gharama, kwa hiyo afadhali utafute ya Uingereza au Ulaya. Kisha toa sufuria ya ndani, zungusha mhimili wake kwa vidole: uzunguke laini bila kukwaruza, na usichezecheze pembeni. Mwisho mimina maji vikombe viwili ndani, iweke juu ya gazeti, na mzungumze bei kwa dakika kumi na tano. Gazeti likilowa, mpira wa kuzuia maji umekufa, beringi ya chini itafuata, na sufuria ya kubadilishia haipatikani kirahisi. Iache hapo hapo.