Kibao cha hikori cha mgongo wa upinde: nyota moja, labda mbili

Urefu na unene sitaongelea, hayo yapo kwenye tangazo lao. Mimi naongelea nyuzi za mbao tu, kwa sababu ukivuta upinde, mgongo (upande unaotazama shabaha) ndio unaovutika na tumbo (upande unaokutazama wewe) ndilo linalobanwa, sasa kibao cha mgongoni kama nyuzi zake hazijaenda ncha mpaka ncha bila kukatika basi hapo umeuziwa kuni, tena kuni ya bei mbaya. Na niliuliza kabla ya kulipa! Nikaomba picha ya ubavuni, nikajibiwa "usijali kaka, zote zimechaguliwa". Haya.

Kimekuja uso wa juu umepigwa msasa unang'aa, mistari imenyooka kama rula, ila ubavuni wamekiacha na alama za msumeno, nyuzi hazisomeki kabisa. Nimekibandika kwenye tumbo la upinde, gundi imekauka, napiga randa ubavu ndio naona nyuzi zinapanda mshazari zinatokea juu katikati ya mkono mmoja wa upinde. Nikasema labda hikori itavumilia, maana ni mbao ngumu kweli kukatika ikivutwa. Wapi! Bado nasawazisha mikono ipinde sawasawa, hata nusu ya mvuto sijafika, tah! kibanzi kimenyanyuka palepale zinapotokea. Gundi haijaachia hata kidogo, iliyochanika ni hikori yenyewe. Na tumbo lilikuwa la ipe jamani, ile mbao ya mafuta, nilikuwa nimeifuta kwa asetoni mpaka kichwa kinauma ndio gundi ishike. Yote kwisha.

Namtumia muuzaji picha ya ufa na ya ubavu, anajibu "mbao ni mbao kaka, we umevuta vibaya", halafu anaweka kikaragosi cha kucheka. CHEKA. Nimeandika mistari kumi ya adabu, kasoma, kimya mpaka leo.

Sasa nisiwe mwongo, oda ileile ilikuwa na kibao cha pili na hicho nyuzi zake zimenyooka huku na huku, nimekiweka kwenye upinde mwingine na unatupa mshale vizuri hadi nashangaa. Kwa hiyo mbao nzuri anazo, na hilo ndilo linaniudhi zaidi, anazo na hachagui! Nilitaka kupandisha nyota ziwe tatu, nikakumbuka kile kikaragosi, nimeacha.

Upinde unaofuata naweka mwanzi. Kwenye mwanzi nyuzi zimejipanga zenyewe chini ya ganda, unachonga upande wa ndani tu, nje huligusi ganda wala hulazimishi mafundo yawe bapa, na hakuna mtu wa kukuficha kitu ubavuni. Ila usibandike mwanzi wala hikori juu ya tumbo la mbao laini bila kupunguza upana wa mgongo, maana mgongo utalishinda tumbo na utaona mikunjo midogo midogo inaanza kujichora tumboni.

Huyu jamaa kama mnanunua kwake mlazimisheni picha ya ubavu ulioparuliwa. Akikataa, hamjapoteza kitu.